Mzee anapaliwa tangu apate kiharusi. Kuna aliyetumia gemu za kumeza?

Pedi_Kaloleni

Hamjambo humu ndani. Nitaeleza kwa urefu kidogo ili anayejibu aijue hali yenyewe.

Baba yangu ana miaka 67. Aliendesha malori ya masafa marefu, Mombasa hadi Malaba, mpaka akastaafu. Presha anayo tangu zamani. Mwaka huu kiharusi kikampata: mdomo ukapinda, mkono wa kushoto ukalegea, maneno yakawa yanatoka mazito. Alilazwa, akawekewa mpira wa puani wa kulishia, baadaye ukatolewa. Sasa yuko nyumbani. Mguu umerudi, anatembea na bakora. Mkono unarudi polepole, fizio anakuja kumnyoosha. Kumeza ndiko hakujarudi.

Chai ndiyo inayomtesa kuliko vyote. Anapiga funda, anakaa kimya kitambo kidogo, halafu anapaliwa hadi machozi yanamtoka. Maji ni vilevile. Uji mzito wa wimbi unashuka bila matata. Ugali anautafuna muda mrefu, na mwingine unabaki shavuni upande wa kushoto bila yeye kuhisi, Mama ndiye humwambia, "Baba Juma, pitisha ulimi." Usiku mara nyingine anapaliwa na mate yake mwenyewe. Amekonda, mashati yanampwaya.

Linaloniuma ni hili: hataki tena kula mbele ya watu. Huyu ni mtu ambaye kila jioni alikuwa chini ya mti pale nje na wenzake, drafti ya vifuniko vya soda katikati yao, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni, na kumfunga haikuwa kazi rahisi. Sasa akisikia mtu anabisha hodi anasukuma sahani kando.

Mazoezi tulipewa kwenye karatasi siku ya kutoka hospitali. Ameze mate kwa nguvu zake zote, apumzike, arudie. Anafanya kidogo anaacha. Ananiuliza, "Nimeze nini na hakuna kitu mdomoni?" Namwelewa. Fizio akimwambia ainue mkono, anauona ukiinuka, anajua leo umepita ulipofika jana. Koo halionekani. Ameze vizuri, ameze vibaya, hakuna kinachomwonyesha.

Kazi yangu ni kibanda cha gemu hapa Kaloleni. Runinga nne, vijana wanacheza mpira na kulipia kila mechi. Kwa miaka niliyokaa pale nimeliona jambo moja: kijana akikosa penalti anarudia, anarudia tena, bila kusukumwa na mtu, kwa sababu skrini imemwonyesha mpira ulikokwenda na palepale imempa nafasi nyingine. Karatasi ya mazoezi haina uwezo huo. Sasa nimesoma kwamba kuna wataalamu wanaombandika mgonjwa vifaa chini ya kidevu, na akimeza, kitu kwenye skrini kinaruka. Yaani anacheza gemu kwa koo lake.

Ni kweli? Kuna aliyeviona Nairobi? Na mashine nilizo nazo zinaweza kutumika, au hivyo ni vitu vingine kabisa? Runinga ninazo, asubuhi nina nafasi kabla vijana hawajatoka shule, na mzee niko tayari kumbeba mgongoni hadi kibandani ikibidi.

Tiba_ya_Tonge

Pole kwa mzee, kaka, na umpe pole mama. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza, nahudumia waliopata kiharusi hapa Nairobi. Umeeleza vizuri sana, na maelezo yako yamenisaidia kuliko unavyodhani.

Ndiyo, vipo. Unapomeza, misuli ya chini ya kidevu huvuta mfupa mdogo wa shingoni pamoja na zoloto, yaani kisanduku cha sauti, vikapanda juu na kusogea mbele. Mvuto huo unasaidia kuziba njia ya hewa, na papo hapo unasaidia kufungua mlango wa umio, yaani njia ya chakula, ili tonge lishuke. Misuli ikikaza hutoa umeme mdogo sana. Elektrodi, yaani vibandiko vyenye waya vinavyowekwa kwenye ngozi, zinausikiliza umeme huo, na kompyuta inauchora kama mstari unaopanda na kushuka. Gemu inaweka ndege au samaki mahali pa mstari. Mashine zako za mpira hazisomi misuli, kwa hiyo zenyewe hazitafaa, lakini runinga itafaa.

Timu ya Maggie-Lee Huckabee katika Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, ina programu iitwayo BiSSkiT. Kwenye skrini kinatokea kisanduku, na mgonjwa anatakiwa ameze kwa namna ambayo kilele cha mstari kitatua ndani yake. Akipata, kisanduku kinapungua. Akikosa, kinapanuka. Ukiangalia vizuri utaona kwamba hafundishwi kukaza tu, anafundishwa kupima: leo nguvu kidogo, sasa hivi nguvu nyingi, na kwa wakati wake. Matokeo yao ya mwanzo yaliyochapishwa 2014 yalihusu wagonjwa wa Parkinson, si wa kiharusi, kwa hiyo nayataja kwa uangalifu.

Kwa kiharusi kuna jaribio la Korea Kusini lililochapishwa 2019. Kundi moja lilifanya zoezi la zamani la kulala chali na kuinua kichwa hadi mtu aone vidole vyake vya miguu. Kundi la pili lilibana kidevu dhidi ya kifaa huku likiendesha gemu. Kumeza kuliimarika kwa makundi yote mawili, karibu sawasawa. Waliocheza gemu hawakuchoka sana kama wenzao, na walilipenda zoezi zaidi. Yaani gemu haikulishinda zoezi, ililifanya livumilike. Kwa mzee anayeacha njiani, hilo ni jambo kubwa na mimi naliamini.

Sasa naomba usome hapa polepole. Elektrodi zinajua kwamba misuli imekaza. Hazijui chai imekwenda wapi. Mzee anaweza kumrusha ndege hadi juu kabisa, nusu ya funda ikaingia mapafuni, na skrini ikampigia makofi. Tena wapo ambao kinywaji kinaingia njia ya hewa na hawakohoi hata kidogo, kwa sababu kiharusi kimechukua hisia za hapo. Ndiyo maana hesabu za tatizo hili hutofautiana sana. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba ukipima waliopata kiharusi kwa uchunguzi wa haraka wa kitandani utakuta asilimia 37 hadi 45 wana shida ya kumeza, lakini ukipima kwa vyombo utakuta 64 hadi 78. Tofauti hiyo ni watu ambao jicho na sikio haviwaoni.

Kwa hiyo kabla ya gemu, mzee apimwe. Kuna njia mbili kuu: eksirei ya video, ambapo anameza vitu vilivyochanganywa na bariamu, dawa inayoonekana kwenye eksirei, huku picha zikichukuliwa, au kamera nyembamba inayopitishwa puani kutazama koromeo. Hospitali kubwa za rufaa ndizo za kuuliza. Wataalamu wetu ni wachache, kwa hiyo ulizia mapema. Kikohozi kinaweza kuwa kilekile na sababu zikawa mbalimbali. Huyu koo lake linachelewa kuanza. Yule misuli ni dhaifu, chakula kinabaki nyuma ya ulimi. Mwingine kiharusi kilipiga shina la ubongo na mlango wa umio haufunguki. Huo ukimya kabla ya kupaliwa unanifanya nishuku kuchelewa, lakini nashuku tu, sijamwona. Ukimfanyisha mtu zoezi la nguvu wakati tatizo lake ni wakati, unamchosha bure.

Na kukonda pamoja na kupaliwa usiku si mambo ya kusubiri. Mpeleke wiki hii. Ukiona homa, pumzi za haraka, au sauti yenye majimaji baada ya kumeza, mpeleke siku hiyohiyo, maana nimonia ndiyo inayowaondoa wengi wa namna hii. Apigwe mswaki asubuhi na usiku, hata siku asiyokula sana. Mate machafu yakiingia mapafuni ni mabaya kuliko maji safi. Ale akiwa ameketi wima, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Githeri na supu yenye vipande viwekwe kando kwa sasa, kwa sababu mchanganyiko wa majimaji na vigumu humchanganya anayechelewa kumeza.

Mama_Zuhura

Mwanangu, mimi nimepitia. Mume wangu alifanyiwa hiyo ya kubandikwa chini ya kidevu kwenye kliniki binafsi hapa Nairobi. Nikwambie niliyoyaona.

Kwanza ndevu. Vile vibandiko havishiki kwenye ndevu, na mume wangu alikuwa nazo tangu nimjue. Ilibidi mtoto wetu wa kwanza akae naye, amweleze kwa adabu, ndipo akakubali kunyolewa sehemu ya chini tu. Kama mzee wako ana ndevu, lianze mapema hilo, usimvamie nalo siku ya kwanza.

Pili, aligundua haraka kwamba akisukuma ulimi juu ya paa la mdomo, ndege anapanda bila yeye kumeza chochote. Dada aliyekuwa akimhudumia alilijua hilo. Akawa anaweka vidole viwili kwenye zoloto, na kama halikupanda, pointi hahesabu hata skrini ikisema nini. Baadaye alinifundisha mimi kuweka vidole hivyo. Mpaka leo nikimlisha najua kwa vidole kama ameshusha au bado.

Kilichomfanya aendelee hasa ni mjukuu. Alibandikwa naye, wakashindana, na mtoto alimshinda babu yake waziwazi. Kesho yake babu alikuwa amevaa viatu kabla sijaamka.

Gharama ilitubana. Tulilipa kwa kila kikao, na kuna wakati tulisimama kwa sababu karo ya shule ilifika. Leo anakula wali na mchuzi, ndizi za kupondwa, mukimo, samaki aliyetolewa miiba. Maji matupu bado. Siwezi kukuambia ni gemu peke yake, maana siku zilezile alikuwa akifanya mazoezi mengine na mwili wenyewe ulikuwa unajirudia. Ila najua kwamba pale alimeza mara nyingi kuliko nilivyowahi kumbembeleza nyumbani.

Chai anakunywa, ila iliyofanywa nzito ili isishuke haraka. Tulifundishwa kupima kwa sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano: unaziba ncha kwa kidole, unajaza hadi 10, unaachia kwa sekunde 10, unaziba tena na kusoma kilichobaki. Yeye aliandikiwa kiwango cha 2 cha uzito wa vinywaji, kwa hiyo kikibaki kati ya 4 na 8 ndiyo sawa. Nilikuwa nakisia kwa kijiko na kila siku chai inatoka tofauti. Sirinji ilinipumzisha.

Nesi_wa_Usiku

Naongeza moja tu ambalo halijaguswa. Dawa. Watu wengi mgonjwa akishindwa kumeza tembe, wanazitwanga zote pamoja na kuchanganya kwenye uji. Dawa za presha zile za kutoa polepole, kama nifedipine ya muda mrefu, hazitwangwi. Ukiisaga, dawa ya kutwa nzima inaingia mwilini kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka vibaya. Peleka dawa zote za mzee kwa mfamasia, uulize moja moja ipi inasagwa na ipi ina aina ya maji. Fanya hivyo kabla ya kuwaza skrini.

Waya_na_Betri

Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali. Hicho kifaa cha kusikiliza misuli si muujiza. Kuna vihisi vidogo vya misuli vya wanafunzi wa elektroniki, ukizunguka maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, utapata wa kukuagizia, vinaunganishwa na kibao kidogo cha saketi halafu kompyuta. Elektrodi mbili chini ya kidevu, moja kila upande wa mstari wa kati, na ya tatu mahali penye mfupa kama nyuma ya sikio, iwe ya kulinganishia. Tumia elektrodi za jeli za kutupwa, na ngozi ifutwe kwanza.

Sharti langu moja halina mjadala: kila kitu kiwe kwenye betri. Kompyuta ya mkononi ichomolewe chaja kabisa wakati mzee amebandikwa. Umeme wa mtaani mnaujua, unaruka na kurudi, na hutaki njia yoyote kutoka ukutani hadi shingoni mwa mtu. Hapo runinga ya kibandani naiondoa, kwa sababu imechomekwa. Tumia skrini ya kompyuta yenyewe.

Na tafadhali mtu asichanganye hili na zile mashine ndogo za kutuliza maumivu zinazouzwa mjini, zinazotetemesha misuli. Hizo zinapeleka umeme mwilini, na hata maelekezo yake hukataza kuziweka mbele ya shingo. Hapo kuna mishipa inayoongoza mapigo ya moyo na misuli inayoweza kubana njia ya hewa. Wapo wataalamu wanaotumia umeme kwa tiba ya kumeza, kwa vifaa vyake na mafunzo yake. Nyumbani, hapana.

Programu naweza kukuandikia bila malipo. Inapima kwanza mzee akiwa ametulia, kisha anameza mara chache kwa kadiri awezavyo, na kutoka hapo inaweka lengo lake yeye, si la mtu mwingine. Unataka ndege?

Pedi_Kaloleni

Asanteni sana, hasa Mama Zuhura. Nesi, dawa nilizipeleka kwa mfamasia jana hiyohiyo, na mojawapo ilikuwa ya kutotwangwa kweli, daktari ameibadilisha.

Mzee amepimwa kwa kamera ya puani. Majibu: koo linachelewa kuanza, vitu vyepesi vinafika karibu na njia ya hewa kabla mlango haujafungwa, na mabaki yanakaa upande wa kushoto. Kikohozi chake ni kizuri na kinaondoa kilichoingia. Ameandikiwa vinywaji vya kiwango cha 2, vyakula laini, na mazoezi ya kumeza kwa kupima wakati. Nilimuuliza mtaalamu wake kuhusu gemu, akasema haina ubaya kwa kumeza mate tu, bila chakula mdomoni, na anataka kukiona kifaa kwanza.

Nilimwonyesha mzee picha za ndege akatikisa kichwa. Akasema hayo ni ya watoto. Nikamuuliza angependa nini, akaonyesha kidole dirishani, kule kwenye mti.

Waya, drafti inawezekana? Kete isogee akimeza sawasawa?

Waya_na_Betri

Inawezekana, na ni rahisi kuliko ndege. Anachagua kete kwa mkono, anameza, na kilele kikitua ndani ya lengo kete inakwenda. Kisipotua, kete inabaki na anajaribu tena. Naweza kufanya kwamba kula kete ya mpinzani kunadai kumeza kwa nguvu zaidi kuliko kusogea kawaida. Nipe siku chache.

Tiba_ya_Tonge

Nimefurahi kusikia kikohozi ni kizuri, hicho ni kinga yake.

Drafti naipenda kuliko ndege, na nitasema kwa nini. Anayemeza mate mfululizo anakauka mdomo haraka, na mdomo mkavu haumezi. Gemu za ndege zinamharakisha mtu. Kwenye drafti mpinzani anafikiri, na wakati anafikiri mate yanarudi na misuli inapumzika. Kupumzika kunakuja ndani ya mchezo wenyewe, hakuna haja ya kumwambia subiri. Akikauka bado, mlowanishie mdomo kwa kitambaa safi chenye maji kidogo, kisiwe kinadondoka.

Lile wazo la kutofautisha nguvu pia ni zuri, ila uligeuze mara kwa mara: mara nyingine kete iende kwa kumeza kwepesi tu. Kumeza kwa nguvu nyingi kila wakati si lengo kwa mzee huyu. Na kuwe na muda: ikionekana rangi ya kete kubadilika, ameze ndani ya kitambo kifupi. Kuchelewa ndiyo shida yake, basi zoezi liguse kuchelewa. Asibane pumzi kwa makusudi wakati wa mchezo. Kuna mbinu za kumeza zinazotumia kubana pumzi, lakini kwa mwenye presha na kiharusi hizo zisimamiwe ana kwa ana.

Vidole viwili kwenye zoloto, kama alivyosema Mama Zuhura, viwepo siku za mwanzo mpaka uhakikishe ni kumeza na si ulimi. Na kwa wote mnaopima kwa sirinji: hakikisheni kipimo kutoka 0 hadi 10 kina urefu wa milimita 61.5. Sirinji nyingine za mililita 10 ni fupi na nene zaidi, zitawadanganya. Tena chai iliyofanywa nzito kwa wanga hulegea mate yakiingia kikombeni, kwa hiyo mpe kwa kijiko safi kutoka chombo kingine, asirudishe midomo kwenye kikombe kilekile.

Pedi_Kaloleni

Narudi na habari. Mtaalamu wake alikikagua kifaa, akarekebisha mahali pa elektrodi na akaangalia mzee anavyocheza mpaka akaridhika. Sasa tunacheza sebuleni kwa betri, mimi au mjomba upande wa pili.

Siku ya kwanza kete hazikusogea kabisa na nilidhani atakasirika. Aliikazia macho skrini, akaona mstari umepanda umechelewa, akasema, "Kumbe napita kona nimechelewa." Hapo ndipo nilipoona amelielewa koo lake kwa mara ya kwanza. Sasa hakuna anayemwambia arudie. Ananiita yeye. Tena anakasirika akifungwa, na sikumbuki mara ya mwisho kumwona akikasirikia kitu badala ya kukubali tu.

Bado ni kiwango cha 2, na hatutabadilisha mpaka apimwe tena. Kupaliwa usiku kumepungua. Mswaki hatuukosi.

Swali moja limebaki. Mama anataka tucheze kabla ya chakula cha jioni ili koo "liamke". Ni sawa?

Tiba_ya_Tonge

Mwambie mama nia yake ni nzuri, lakini si kabla tu ya kula. Misuli iliyotoka kufanya kazi imechoka, na mlo ukimkuta amechoka ndipo atapaliwa. Chezeni asubuhi katikati, au mchana akishapumzika, na kuwe na angalau saa moja kati ya mchezo na mlo. Jioni akiwa mchovu, mchezo uachwe kabisa siku hiyo. Na ukiona vilele vinashuka kadiri mchezo unavyoendelea, hiyo ndiyo dalili ya kusimama, hata kama amebakiza kete moja kukufunga.